Kwa Nini Kitovu? Kumsoma Liyongo Upya

Mwalimu mwenzangu, aghalabu tunapofunza mighani ya Fumo Liyongo, maudhui tunayoyatilia mkazo ni usaliti: mwana anamchoma babake kwa sindano ya shaba kitovuni kwa tamaa ya cheo na mke. Mwanafunzi huandika hivyo, akapata alama zake, mambo yakaisha. Je, umewahi kumuuliza ni kwa nini kitovu?

Jagina huyu hapenyeki kwa silaha nyingine yoyote. Hata hivyo, katika utenzi wa Muhammad Kijumwa (1913), siri ya udhaifu wake anamwambia mwanawe kwa kinywa chake mwenyewe. Kitovu ndipo kila binadamu alipofungamana na mamake. Kwa hivyo, mahali pasipoweza kukazwa ni pale panapomfanya kuwa mwana wa mtu. Pengine utasema ninaipakia hadithi mzigo usio wake. Lakini tazama ni nani anayeitwa wakati Liyongo amekufa kisimani, amepiga goti, upinde mkononi, na watu wanaogopa kuteka maji. Ni mama.

Sasa linganisha na mwili usiopenyeka wa wakati wetu. Mnamo Novemba 2018, mwanasayansi He Jiankui wa Uchina alitangaza kuzaliwa kwa pacha wa kike ambao jeni yao ya CCR5 aliihariri wakiwa viinitete, ili virusi vya UKIMWI visiwaingie. Baba yao alikuwa na virusi hivyo. Desemba 2019 mahakama ya Shenzhen ilimhukumu kifungo cha miaka 3. Zingatia kwamba kuosha manii kulitosha kuwakinga na maambukizi ya baba. Hawakuwa wagonjwa wa kutibiwa, walikazwa tu. Isitoshe, zipo aina za virusi hivyo zinazopitia mlango mwingine wa seli. Kitovu bado kipo, na wenyewe hawakuulizwa.

Mwanafunzi mwerevu atakusaili: mzazi anayemwomba Mungu ampe mtoto mwenye afya ana tofauti gani na anayeiendea maabara? Usimjibu haraka. Mimi naona kwamba anayeomba amekwisha kukubali kunyimwa, na atampokea yeyote atakayekuja. Aliyeagiza ana haki ya kulalamikia kazi mbaya, na hapo mtoto ndiye kazi yenyewe.

Katika kipindi kijacho cha fasihi simulizi, waombe wakisimulie kisa hiki upya kwa sauti ya mama pale kisimani, kabla hajajua kwamba mwanawe amekufa.