Umeme Ilikata Umeme: Uhakiki wa Jina la Biashara

Wahenga walisema, jina jema hung'ara gizani. Walikusudia sifa ya mtu, lakini usemi huo unamfaa pia anayefungua biashara. Wanafunzi wetu wanapohitimu huombwa na ndugu na majirani wawatafutie jina la Kiswahili la duka, saluni au kampuni. Katika makala haya tunahakiki jina moja ambalo wasomaji wetu wa Uganda wanalijua sana, ili tuone lilifaulu wapi na lilikosea wapi.

Kampuni ya Umeme ilianza kusambaza umeme nchini mwezi Machi 2005 kwa mkataba wa miaka 20. Mkataba huo ulimalizika tarehe 31 Machi 2025, na kazi ikarudi kwa kampuni ya serikali, UEDCL. Hapa hatuhakiki huduma zake. Tunahakiki jina tu.

Tuanze na sifa. Jina hili ni fupi. Lina silabi tatu, na kila silabi inaishia kwa irabu, hivyo Mganda, Mnyankole na Mwacholi wote hulitamka bila taabu. Aidha, kwa kuwa ni la Kiswahili, halikuegemea kabila lolote la nchi. Hayo si mambo madogo.

Hata hivyo, kwa maoni yetu jina hili lina kasoro kubwa: ni jina la bidhaa yenyewe. Tazama sarufi inavyohangaika. "Umeme umekatika" ni habari ya nguvu za umeme; "Umeme imekata" ni habari ya kampuni. Upatanisho wa kisarufi peke yake ndio unaotenganisha maana hizo, kwani herufi kubwa haisikiki masikioni. Tukiziunganisha tunapata "Umeme ilikata umeme", sentensi sahihi inayomchekesha msikilizaji.

Nchini Uganda kasoro hii ilijificha kwa sababu wengi huita kitu chenyewe masannyalaze kwa Kiluganda. Kwao, Umeme lilikuwa jina la kampuni na basi. Matokeo yake tunayaona darasani: mwanafunzi anasoma katika gazeti la Tanzania kuwa umeme umefika kijijini, naye anadhani kampuni ile ilivuka mpaka. Mwaka ule ule wa 2005 Katiba yetu ilirekebishwa, Kiswahili kikawa lugha rasmi ya pili. Kwa raia wengi mabango ya biashara ndiyo kitabu cha kwanza cha lugha hii. Anayechagua jina anafundisha, apende asipende.

Tulinganishe na saruji za Tanzania: Twiga, Simba na Tembo. Mtu akisema "Twiga imepanda bei", hakuna atakayemtafuta mnyama, maana mnyama angesemwa "amepanda". Jina liko mbali na bidhaa, na umbali huo ndio unaolilinda. Lakini mbali nako kuna hatari zake. Katika Kiswahili cha pwani, tembo ni pia pombe ya mnazi. Kwa hiyo jina hilo limekaa vizuri zaidi kwenye chupa ya bia ya Tembo ya Lubumbashi kuliko kwenye mfuko wa saruji.

M-Pesa, iliyoanza Kenya mwaka 2007, inatuonyesha njia ya kati. "Pesa" pekee ingetumbukia katika shimo lile lile la Umeme. Herufi moja iliyotangulia imelitenga jina na kitu, bila kumficha mteja kinachouzwa.

Tunapendekeza walimu watumie zoezi hili. Mwanafunzi atunge jina, kisha aliweke katika sentensi tatu za mteja: ya kununua, ya kulalamika na ya kumwelekeza mgeni. Halafu atafute maana ya pili ya neno hilo katika kamusi. Mwenye tanuri akitaka kuita duka lake "Mkate", mteja atasema "nimenunua mkate wa Mkate". Akiliita "Alfajiri", hakuna utata: alfajiri haiuzwi, lakini kila mtu anajua kuwa ndiyo saa ya mwokaji kuwa kazini. Jina zuri husimama karibu na bidhaa, lisiwe bidhaa yenyewe.