Filamu na Haki ya Mnyonge

Kumliza mtazamaji si kazi ngumu. Mtoto aliyefiwa, damu ukutani na muziki wa huzuni vyatosha kuyatoa machozi ya mtu aliyeingia sinema kwa ajili ya kupitisha saa tu. Kwa hiyo machozi hayawezi kuwa kipimo cha filamu inayosimulia dhuluma. Mtu aweza kulia, akapangusa uso, akaenda kula chakula chake cha jioni pasi na kujua haki ilipotea mahali gani, kwa mkono wa nani, wala kwa njia ipi. Katika makala haya nakusudia kueleza kwamba filamu ya namna hiyo yapaswa kupimwa kwa maswali mawili: hadithi ni ya nani, na je, imetuonyesha jinsi dhuluma inavyofanya kazi?

Nitatumia mifano miwili. Wa kwanza ni Sambizanga, filamu iliyoongozwa na Sarah Maldoror mwaka 1972. Wa pili ni Cry Freedom, iliyoongozwa na Mwingereza Richard Attenborough mwaka 1987. Nimezichagua kwa sababu kiini cha visa vyake ni kimoja: mtu mweusi wa kusini mwa Afrika anakamatwa na polisi wa serikali dhalimu, anapigwa, anakufa mikononi mwao. Basi tofauti zilizo kubwa baina yao ni tofauti za jicho ambalo kila msanii alichagua kutazamia. Aidha, mapambano ya Angola na Afrika Kusini si habari za mbali kwetu Watanzania. Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ilifanya makao yake Dar es Salaam tangu mwaka 1963, na wapigania uhuru wengi waliishi miongoni mwetu.

Sambizanga ni jina la mtaa wa watu wa kawaida mjini Luanda. Filamu hiyo imetokana na hadithi ya José Luandino Vieira, mwandishi wa Angola ambaye mwenyewe alifungwa miaka mingi na Wareno. Maldoror alizaliwa Ufaransa, baba yake akiwa mtu wa Guadeloupe. Alisomea filamu Moscow, na mwenzi wake, Mário Pinto de Andrade, alikuwa miongoni mwa waasisi wa chama cha MPLA. Kwa kuwa vita vya ukombozi vilikuwa vingali vikiendelea Angola, filamu ilipigwa Kongo-Brazzaville. Kisa chenyewe ni cha mwaka 1961. Domingos Xavier, dereva wa trekta, anakamatwa mbele ya macho ya mkewe Maria. Anapelekwa Luanda, anatakiwa amtaje Mzungu anayeiunga mkono harakati ya siri. Anakataa, naye anapigwa mpaka anakufa.

Msanii mwingine angaliiweka kamera ndani ya chumba cha mateso tangu mwanzo hadi mwisho. Maldoror anaingia humo, wala hakifichi kipigo, lakini sehemu kubwa ya filamu ameikabidhi kwa Maria. Mama huyu anambeba mwanawe mgongoni, anatembea, anapanda basi, anafika kwenye ofisi ya serikali, anauliza aliko mumewe. Anaambiwa hayupo hapa, nenda kule. Anakwenda kule, hayupo, nenda kwingine. Aliyezoea kutunga mashairi atalitambua umbo hili mara moja. Ni kibwagizo. Beti zinabadilika, njia inabadilika, afisa anabadilika, ila kibwagizo kinabaki kile kile, na kila kinaporudi kinazidi uzito, mpaka mtazamaji anaanza kuliogopa jibu kabla Maria hajauliza.

Hapo ndipo fani inapozaa maudhui. Tunafundishwa kwamba dhuluma si rungu peke yake. Dhuluma ina meza, ina daftari, ina mtu aliyekaa kitini ambaye hakumpiga yeyote na jioni atarudi kwa wanawe kwa amani. Rungu ndilo lililomwua Domingos, lakini lile neno "hayupo" ndilo lililolipatia rungu faragha ya kufanya kazi yake bila shahidi.

Wako waliomlaumu Maldoror kwamba filamu yake ni nzuri mno: sura ya Maria inapendeza, rangi zinapendeza, nchi inapendeza. Lawama hiyo haina uzito. Anayetaka mnyonge aonyeshwe katika matambara na vumbi peke yake amekwisha kumnyang'anya sehemu ya utu wake kabla polisi hawajafika. Tunaonyeshwa kwanza upendo wa Domingos kwa mkewe na mtoto wao, ili tujue ni nini hasa kilichoibwa. Na anapokufa, wafungwa wenzake wanamwomboleza kwa wimbo. Habari inapofika kwenye dansi la mtaani, muziki unasimamishwa, kifo kinatangazwa, kisha muziki unaendelea, kwa kuwa waliokusanyika wamekipokea kifo kile kuwa chao. Filamu inakoma penye matayarisho ya shambulio la gereza la Luanda, tarehe 4 Februari 1961.

Sasa tuitazame Cry Freedom. Steve Biko, kiongozi aliyewafundisha vijana weusi wa Afrika Kusini kujithamini, alikamatwa tarehe 18 Agosti 1977. Alipigwa akaumizwa ubongo, akasafirishwa uchi nyuma ya gari la polisi zaidi ya kilomita 1,000, akafa Pretoria tarehe 12 Septemba. Denzel Washington anamwigiza kwa uhai mkubwa, hasa pale Biko anapoijibu serikali mahakamani kwa utulivu na akili. Lakini kabla filamu haijaenda mbali sana Biko amekwisha kufa, na muda mrefu uliobaki unatumika kusimulia jinsi Donald Woods, mhariri Mzungu aliyekuwa rafiki yake, alivyotoroka na familia yake kupitia Lesotho.

Woods alikuwa mtu jasiri, na vitabu vyake ndivyo vilivyozaa filamu hii. Hatumpunguzii heshima yake. Hata hivyo, tazama linalompata mtazamaji. Moyo wake sasa unadunda kwa hofu kama Woods atauvuka mpaka au hatauvuka, na wakati huo huo mjane wa Biko na wenzake wa harakati wamerudishwa nyuma ya pazia. Mwenye msiba amegeuzwa mgeni katika matanga yake mwenyewe. Sababu haiko mbali. Filamu iligharimiwa na kampuni kubwa ya Marekani, ikakusudia watu wengi wa Ulaya na Marekani, nao wakapewa mtu wa rangi yao wa kuwashika mkono. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Filamu hii imemwuliza habari za kitanda mtu aliyelala chumba cha pili.

Lakini nayo tuitendee haki. Mwaka 1988 bodi ya ukaguzi ya Afrika Kusini iliiruhusu ionyeshwe, na siku ile ile ya kuonyeshwa polisi wakaikamata. Utawala haukamati kitu kisichoutisha. Na mwishoni kabisa, hadithi ikiisha, yanapita majina ya watu waliofia kizuizini, kila jina na sababu iliyotolewa na serikali: huyu alijinyonga, huyu aliteleza, huyu alianguka, huyu hakuna maelezo. Hapana damu hapo wala kilio, na bado dakika zile chache zinasema kuliko mbio zote za kuelekea mpakani, kwa sababu zinatufunulia uwongo katika lugha yake ya kiofisi. Habari za Biko mwenyewe zilitangazwa hivyo. Kwanza waziri alidai kwamba alikuwa amegoma kula. Kisha uchunguzi wa mahakama mwaka huo wa 1977 ulisikia habari za majeraha ya kichwa, ukaamua kwamba hakuna wa kulaumiwa. Mwaka 1999 polisi walioomba msamaha wa kisheria mbele ya Tume ya Ukweli na Maridhiano walikataliwa, lakini hawakufikishwa mahakamani. Huko, katika uamuzi ule wa hakimu, ndiko haki ilikofia mara ya pili, na filamu ingalifaidika sana kuukalia kwa muda mrefu zaidi.

Basi mwalimu anayezionyesha filamu hizi darasani asiridhike na wanafunzi kusema kwamba zinasikitisha. Awaulize: Katika kila tukio, ni nani aliyejua ukweli akanyamaza? Ni karatasi gani iliyotiwa sahihi? Ni nani anayezungumza, na ni nani anayezungumziwa? Mwanafunzi akiyajibu hayo ataelewa kwamba dhuluma ni kazi inayogawanywa kwa watu wengi, na fungu la kila mmoja hufanywa dogo kiasi kwamba asione kuwa ametenda ubaya.

Iko hatari nyingine. Filamu za makaburu na Wareno zaweza kutustarehesha, tukadhani dhuluma ni tabia ya watu wa nje. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Wasanii wetu wanao mjane anayefuatilia mirathi, na mkulima anayedai shamba lake, ambao wanaambiwa faili halionekani, njoo kesho. Si mateso ya gereza la Luanda, wala si haki kuyalinganisha. Lakini kibwagizo ni kile kile, na kinafaa kupigiwa filamu na watu wanaokijua kwa masikio yao.

Wengi wa vijana wanaosoma makala haya hawatashika rungu maishani mwao. Wengi watashika kalamu, na watakaa upande wa pili wa meza, katika ofisi za kata, za mahakama, za hospitali na za polisi. Siku moja Maria atafika mbele yao, mtoto mgongoni, miguu ina vumbi, na swali moja tu mdomoni. Filamu njema ni ile itakayowafanya wamtambue.