Milimita za Ncha ya Pua

Mgonjwa keshalala kwa nusukaputi, lakini daktari hajashika kisu. Anachora alama kwa kalamu, anadunga ganzi iliyochanganywa na adrenalini, kisha anasubiri mishipa ya damu isinyae. Damu ikichuruzika haoni kitu, na hapa kazi yote ni ya milimita.

Mkato wa kwanza ni mdogo, kwenye nguzo ya nyama inayotenganisha matundu ya pua. Unapinda katikati ili kovu lisionekane kwa urahisi. Aurel Rethi wa Hungaria alifungua pua kwa njia ya namna hii miaka mingi iliyopita. Mikato mingine hufuata kingo za ndani za matundu, na ngozi inainuliwa polepole kwa mkasi mwembamba. Chini yake magegedu mawili yanajitokeza, meupe, yamejikunja kama mbawa. Pale yanapojikunja ndipo ncha ya pua inapopata umbo lake.

Zamani madaktari wengi walikuwa wepesi wa kuyakata magegedu haya. Miaka ikipita, pua ilibonyea ubavuni na pumzi ikawa ya shida. Siku hizi ukanda mwembamba tu hupunguzwa juu ya gegedu, na milimita 6 au zaidi huachwa. Kazi kubwa imehamia kwenye uzi.

Ndipo subira inapoonekana. Sindano inaingia upande mmoja wa mkunjo na kutokea wa pili, bila kutoboa utando wa ndani. Fundo linakazwa kidogo kidogo, na gegedu pana linakuwa jembamba machoni pako. Likizidi kukazwa, pua itaonekana imefinywa. Daktari anarudisha ngozi, anatazama kutoka upande wa kidevu, anaifunua tena, anakata uzi aliokwisha kuufunga, anaanza upya. Hakuna anayemharakisha.

Ncha ikihitaji mhimili, kipande cha gegedu hutolewa kwenye ukuta wa kati wa pua na kushonewa katikati ya yale magegedu mawili ya ncha. Ukutani kwenyewe huachwa fremu ya takriban sentimita 1, juu na mbele, pua isije ikadidimia.

Nyuzi za nje hutolewa baada ya wiki moja hivi. Uvimbe wa ncha huchelewa kuisha, mwaka mzima au zaidi, hasa kwa ngozi nene. Anayewaza kufanyiwa upasuaji huu wa kurekebisha ncha ya pua amuulize daktari wake atabakiza gegedu kiasi gani.