Mwandiko wa gome husomwa kwa wembe

Aliyesoma duksi, yaani madrasa, huko Garissa anaijua loox: ubao, wino wa makaa, mistari myeusi. Ukiingia kivulini mwa msitu wa Boni, upande wa Ijara, ukakuta kwenye gome laini doa la kijivu lenye vimistari vyeusi vilivyopinda kama mwandiko wa anayejifunza alifu, usimtafute mtoto. Umekuta likeni ya maandishi, kuvu na mwani wanaoishi mwili mmoja. Ikwaruze kwa ukucha: rangi ya kijani yenye umachungwa ni ya mwani Trentepohlia. Kwenye mimanemane ya nyikani utajichosha bure. Gome lake hubambuka kama karatasi, na ukoko wa likeni unaokua polepole hauna pa kushika.

Mwanasayansi Linnaeus aliipa jina mwaka 1753, mwenzake Acharius akaiita Graphis scripta mwaka 1809, na jina hilo likabandikwa kila penye mchoro, hata huku tropiki. Mwaka 2011 ikaonyeshwa kwamba hata Ulaya kwenyewe lilikuwa limefunika spishi nne. Ufunguo wa utambuzi wa dunia nzima wa mwaka 2009 una spishi 330 za jenasi Graphis. Kuzitenga kwa umbo la herufi ni kubahatisha.

Kimstari hukatwa kwa wembe, kipande chembamba cha kupitisha mwanga, kikatiwa tone la maji na kuwekwa chini ya hadubini. Midomo yake miwili imekuwa kaa mpaka chini, au pembeni tu? Ina mifereji, au haina? Katikati, tabaka lenye vifuko vya spora ni safi kama kioo, au limejaa vitone vya mafuta? Swali hili la mwisho hupitwa haraka, nami naona ndipo majina mengi yanapokosewa, kwa sababu kipande kinene hufanya kila kitu kionekane na ukungu.

Spora hupimwa kwa mikromita, tena nyingi, kwani ambayo haijakomaa hudanganya. Kuta zake huhesabiwa. Vyumba vya ndani vina umbo la dengu, na tone la iodini huzigeuza spora zambarau. Opegrapha, ambayo kwa macho ni pacha wa Graphis ilhali ni ya ukoo mwingine kabisa, haina dengu hizo. Spora zikiwa za kahawia, shuku Phaeographis.

Ndipo kemia. Tone la potasiamu haidroksidi likikuta asidi ya norstiktiki, umanjano hugeuka wekundu na fuwele kama sindano huchipuka mbele ya macho yako. Spishi mbili zilizofanana kwa yote mengine huachana hapo.

Jina jipya lina sheria zake. Tangu 2012 maelezo huruhusiwa kwa Kilatini au Kiingereza. Tangu 2013 jina la kuvu lazima lisajiliwe. Na kielelezo kimoja huwekwa hebaria kiwe shahidi, kwa Kenya katika Makumbusho ya Taifa, Nairobi. Kazi ingalipo tele: kitabu cha Swinscow na Krog cha 1988 kilishughulikia likeni kubwa za Afrika Mashariki, zile za ukoko zikaachwa nje. Mwaka 2014 makala moja ya jarida la Phytotaxa ilitangaza spishi mpya 175 za familia ya Graphis.

Bahasha itakayotoka Boni iandikwe tarehe, mahali na mti. Jina la mti mchungaji atakupa kwa Kisomali, au Mboni kwa lugha yake, kabla hujafungua kitabu.