Hadhira Iliyotenganishwa: Uhakiki wa Filamu ya The Displaced

Mwezi Novemba 2015, gazeti la New York Times la Marekani liliwapelekea wasomaji wake zaidi ya milioni moja kifaa cha karatasi ngumu chenye lenzi mbili. Msomaji alikikunja kikawa mfano wa darubini, akatia simu yake ndani, akatazama filamu fupi ya The Displaced, yaani waliong'olewa makwao. Filamu hiyo, iliyoongozwa na Imraan Ismail na Ben C. Solomon, inawahusu watoto watatu waliokumbwa na vita: Oleg wa Ukraine, Hana wa Syria anayeishi Lebanon, na Chuol wa Sudan Kusini. Imepigwa kwa kamera zinazonasa nyuzi zote 360 kwa pamoja. Mtazamaji akigeuza kichwa, mandhari nayo inageuka, kana kwamba yumo mle.

Walioisifu teknolojia hii walidai kwamba inatushirikisha maisha ya wengine kuliko filamu ya kawaida. Mwaka huohuo Chris Milk, mmoja wa waongozaji wa Clouds Over Sidra, filamu ya msichana mkimbizi katika kambi ya Zaatari nchini Jordan, aliieleza kuwa ni mashine ya kujenga huruma. Ninalipinga dai hilo kwa kiasi. Hoja yangu ni kwamba The Displaced inatufikisha mahali, lakini haitoshi kutushirikisha. Kushiriki huanza kifaa kinapovuliwa na watu wakaanza kuzungumza.

Nianze na ubora wake. Katika filamu ya kawaida mwongozaji hutuchagulia cha kutazama; hapa amekubali kupunguza mamlaka yake. Magofu yanayomzunguka Oleg hayaishii ukingoni mwa picha: ukigeuka nyuma, bado yapo. Hana anapopandishwa lori kwenda shambani kuchuma matango, nasi tumo katika lori hilo. Chuol anapopiga kasia katikati ya majani ya kinamasi, tunaachiwa muda wa kuyaona maji na upweke wake bila kuharakishwa.

Hata hivyo, uhuru huohuo unaitawanya hadhira. Tuliitazama wanafunzi watano kwa kupokezana kifaa kimoja. Katika onyesho ambalo ndege inadondosha chakula na watu wanakimbilia magunia, mwenzetu mmoja aliifuata ndege angani hata asiwaone watu. Mwingine aliwatazama watu tu, kisha akauliza ndege ilipita wakati gani. Na kila mmoja alipokuwa akitazama, sisi wanne tuliona shingo yake ikizunguka, basi.

Wanafunzi wa fasihi simulizi tunajua kuwa hadhira si watu wanaopokea tu. Mtambaji anaposema "Paukwa," anangoja "Pakawa" kabla ya kuendelea. Hata katika vibanda vya video hapa Uganda, VJ huitafsiri filamu ya kigeni kwa Kiluganda papo hapo, akatia utani, na banda zima likacheka pamoja. Panorama za zamani nazo zilikuwa na sifa hiyo. Robert Barker alipofungua jengo lake la mviringo jijini London mwaka 1793, watazamaji walisimama pamoja katikati ya mchoro, wakaweza kuonyeshana kwa kidole. Ndani ya kifaa cha karatasi, unyooshe kidole umwonyeshe nani?

Udhaifu wa pili ni mzito zaidi. Chuol anaitazama kamera, sisi hatuoni. Tunasimama karibu naye bila kubisha hodi, bila kujibu salamu, bila kuulizwa tumefuata nini. Kuwapo mahali bila kuonwa na wenyeji si ugeni, ni kuchungulia.

Mmoja wetu, aliyekulia katika makazi ya wakimbizi kaskazini mwa Uganda, alikivua kifaa kabla filamu haijaisha. "Mimi kule sikuwa na kitu cha kuvua," alisema. Kisha akatusimulia walivyotembea usiku, na mama yake alivyomziba mdogo wake mdomo asilie. Tulimuuliza maswali. Mengine aliyajibu, mengine aliyakataa, nasi tukanyamaza. Uwezo huo wa kukataa ndio Chuol hana mbele yetu. Kila anayevaa kifaa anaingia mtumbwini mwake, na yeye hawezi kumwambia mtu yeyote kwamba leo hapana.

Huenda msomaji akasema kwamba bila filamu, mazungumzo yale yasingekuwapo. Ni kweli, na hiyo ndiyo sifa yake kubwa. Lakini sifa ya kufungua mazungumzo si sawa na sifa ya kuchukua nafasi yake. Dai la mashine ya huruma linachanganya mambo haya mawili, na hatari yake ni mtazamaji kudhani, baada ya dakika kumi na moja, kwamba sasa anajua ukimbizi ni nini.

Kwa hiyo, walimu watakaotumia filamu za aina hii darasani wasizitoe kama kazi ya nyumbani ya mtu mmoja mmoja. Wanafunzi watazame onyesho lilelile kwa zamu, kila mmoja aeleze alikogeukia na alichokiacha mgongoni, kisha wabishane. Na kama darasani yupo aliyewahi kukimbia vita, asilazimishwe kusimulia. Akiamua mwenyewe kuzungumza, simu zizimwe.