Kitabu Kinaponyang'anywa: Luther wa 1523 na Luther wa 1543

Mwanafunzi wa theolojia hufundishwa mapema kumheshimu Dk. Martin Luther, na ni haki. Lakini heshima isiyopima huleta madhara. Katika makala haya tunaviweka pamoja vitabu vyake viwili, vilivyotengana kwa miaka 20, tuone jinsi mfasiri mmoja wa Maandiko alivyoutetea uhuru wa dhamiri, kisha akawanyima wengine uhuru uo huo.

Kitabu cha kwanza, cha mwaka 1523, chahusu mamlaka ya serikali na mipaka yake. Sababu yake ilikuwa karibu. Mwaka 1522 Luther alichapisha Agano Jipya kwa Kijerumani, na Mtawala Georg wa Saxony akaamuru wenye nakala wazisalimishe. Luther akafundisha kwamba muumini asitoe hata ukurasa mmoja kwa hiari yake, ingawa nyumba yake ikipekuliwa asipigane. Hoja yake ni kwamba imani haiingii moyoni kwa amri. Uzushi ni jambo la kiroho, nao hushindwa kwa Neno, si kwa chuma wala moto. Fikra hiyo haikuwa mpya kwake. Miongoni mwa mafundisho yake yaliyolaaniwa na Papa Leo X mwaka 1520, limo lile la kwamba kuwachoma wazushi ni kinyume cha mapenzi ya Roho.

Kitabu cha pili, cha mwaka 1543, chahusu Wayahudi na kile alichokiita uongo wao. Sehemu yake kubwa ni ufafanuzi wa Maandiko: Mwanzo 49:10, Hagai 2, Danieli 9. Kisha lafuata shauri kwa watawala: masinagogi yachomwe, nyumba zibomolewe, marabi wakatazwe kufundisha, vitabu vya sala na Talmudi vichukuliwe. Aliyeandika ili watu wasinyang'anywe Agano Jipya, sasa ataka wengine wanyang'anywe vitabu vyao.

Kosa liliingia wapi? Wengine husingizia uzee na maradhi. Wengine, desturi ya karne ile. Majibu hayo hayatoshi. Maneno mema ya 1520 na 1523 ni ya karne iyo hiyo, na tayari mwaka 1536 Luther alikuwa ametia sahihi shauri la kwamba watawala waweza kuwaua Waanabaptisti. Kwa maoni yetu kosa limo katika ufasiri wenyewe. Luther alishika kwamba maana ya aya hizo ni wazi mno, hata asiyeikubali hawezi kuwa amekosea tu, bali adanganya kwa kusudi. Hivyo tofauti ya tafsiri ikawa uongo, uongo ukawa kufuru, na kufuru ikapelekwa kwa mwenye upanga. Ngazi hiyo ndiyo hupandwa na wenye msimamo mkali katika kila dini.

Matunda yake yanajulikana. Masinagogi yalipochomwa Ujerumani Novemba 1938, Martin Sasse, askofu wa Kilutheri wa Thüringen, alichapisha kijitabu cha maneno ya Luther dhidi ya Wayahudi, akifurahi kwamba yaliwaka siku ya kuzaliwa kwake Luther. Mwaka 1994 Kanisa la Kiinjili la Kilutheri la Marekani liliyakataa maandishi hayo hadharani.

Nasi Tanzania tunalo somo. Mihadhara ya dini ya miaka ya 1980 na 1990, ambamo aya za Biblia na Kurani zilishindaniwa viwanjani, iliwaudhi wengi, na wako waliotaka serikali iwanyamazishe wahubiri wale. Hapa yafaa kupambanua. Achocheaye watu wapige au wachome, huyo avunja amani, na hakimu anayo kazi yake. Lakini aisomaye Biblia vibaya anastahili kujibiwa, wala si kufungwa. Na mchungaji asiyeweza kumjibu na arudi kwanza kwenye Kiebrania na Kiyunani chake.

Katika Mathayo 13 watumwa walikuwa tayari kung'oa magugu, na mwenye shamba akawazuia, wasije wakang'oa na ngano. Luther wa 1523 aliusikia uzuio huo. Tumsahihishe Luther wa 1543 kwa Neno, silaha ambayo yeye mwenyewe alitufundisha kuitumia.