Risiti ya LUKU: Mpangilio, Mantiki na Ukimya Wake

Sera ya Taifa ya Nishati ya mwaka 2015 ina wasomaji wachache: maofisa wa wizara, wafadhili, wanafunzi wa uzamili, na labda mhakiki aliyekosa kazi nyingine jioni. Matini ya nishati inayosomwa na mamilioni, tena kwa umakini ambao mshairi yeyote angeuonea wivu, ni ule ujumbe mfupi unaoingia kwenye simu mara tu mtu anapomaliza kununua umeme wa LUKU, yaani wa kulipia kabla. Hakuna anayeruka tarakimu zake. Msomaji akikosea moja, mita humkatalia, naye hulazimika kuanza upya.

Ninayoisoma hapa ni risiti ya Tanzania Bara ya mwishoni mwa 2024, ya mteja wa kundi la T1, yaani la matumizi ya kawaida, aliyelipa shilingi 10,000 bila kukatwa deni lolote. Kwanza huja tarakimu 20. Kisha uniti 28.1, gharama 8,196.72, kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 ambayo ni 1,475.41, tozo ya mdhibiti wa nishati na maji, EWURA, ya asilimia 1 ambayo ni 81.97, na tozo ya Wakala wa Nishati Vijijini, REA, ya asilimia 3 ambayo ni 245.90. Baada ya hapo unafuata mstari wa deni, na mwisho jumla: 10,000.00.

Tuanze na mpangilio. Risiti za kawaida husimulia jambo lililokwisha: bidhaa imechukuliwa, fedha imepokelewa, karatasi inabaki kuwa ushahidi. Hii inaanza na bidhaa yenyewe. Zile tarakimu 20 haziuelezi umeme. Ndizo zinazouachilia, na usomaji wake ni tendo kabla haujawa uelewa. Ndiyo maana zimetangulia, na ndiyo maana husomwa kwa makundi ya nne nne. Katika nyumba nyingi usomaji huu ni wa watu wawili: mtoto ameshika simu anatamka, baba au dada mkubwa ameshika rimoti ya mita anabonyeza, na baina ya kundi na kundi kuna kituo kifupi cha kuhakikisha. Vituo hivyo ni mizani ya matini hii. Tarakimu 20 zisizokatwa zingekuwa kelele; makundi matano yanatamkika, yanakumbukika, na kosa likitokea linajulikana limetokea wapi.

Ndani ya tarakimu hizo kuna ufumbaji ambao msomaji wa kawaida hakuutambua hadi ulipofikia ukomo. Kiwango cha kimataifa kinachotumiwa na mita hizi huficha muda ndani ya kila namba: dakika zilizopita tangu Januari 1, 1993, zikihesabiwa katika nafasi inayoweza kubeba 16,777,216 tu. Dakika hizo zilitimia Novemba 24, 2024. Kabla ya siku hiyo kila mita ilipaswa kufundishwa kuhesabu upya, na wateja wakajikuta wakipokea makundi matatu ya tarakimu 20: mawili ya kuirekebisha mita, la tatu la umeme wenyewe. Kwa mara ya kwanza matini ilimlazimisha msomaji aitambue kalenda yake ya siri. Wengi waliona usumbufu tu, na sina sababu ya kuwalaumu. Kubonyeza tarakimu 60 gizani si mazoezi ya uhakiki.

Sehemu ya pili ni ya hesabu, na hapa ustadi ni wa aina nyingine. Mteja ametoa namba nzima, mviringo, elfu kumi; matini inaivunja hadi senti ambazo hakuna sarafu ya kuzilipia, kisha katika mstari wa mwisho inazikusanya na kumrudishia namba yake ileile. Kuvunja na kuunga huku kunamshawishi msomaji kwamba hakuna kilichopotea njiani. Asilimia zote tatu zinahesabiwa juu ya gharama ya umeme, si juu ya fedha iliyotolewa. Kwa hiyo makato yanayoitwa asilimia 22 yamechukua 1,803.28, yaani takribani asilimia 18 ya elfu kumi. Uniti iliyopangiwa shilingi 292 inaishia kuwa 356 na senti zake, na hiyo 356 ndiyo bei inayotajwa mtaani, ingawa haijaandikwa popote katika risiti.

Mstari wa REA ndio ninaouona bora kuliko yote. Sheria ya Nishati Vijijini ya mwaka 2005 ingeweza kubaki kabatini. Badala yake imepewa nafasi ya kudumu katika simu ya mnunuzi. Mpangaji wa chumba kimoja Mbagala anaposoma 245.90, anasoma mchango wake katika nguzo inayosimikwa kijijini Namtumbo, na uwiano wa mjini na shambani, ambao hotuba huuzungumza kwa saa nzima, umekamilika katika herufi tatu na namba moja. Mstari wa EWURA nao una kejeli yake: mnunuzi ndiye anayemgharamia mwamuzi wa bei anayouziwa.

Kinachovunja umoja wa matini ni kodi ya majengo inayokatwa wakati wa kununua umeme, iliyoingizwa mwaka 2021, na ambayo mwaka 2024 ilikuwa shilingi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Kiutawala ni ujanja wenye mantiki, maana mita haikwepeki. Kiumbo ni mgeni asiyebisha hodi. Mteja wa T1 anayenunua umeme wa shilingi 2,000 mwezi unapoanza anabaki na shilingi 500 za umeme, ambazo ni uniti 1.4, uwiano wote uliojengwa na zile asilimia unasambaratika, na risiti ya nishati inageuka kuwa risiti ya ardhi yenye umeme kidogo pembeni.

Ukimya wa kwanza wa matini hii unahusu chanzo. Mwanzoni mwa 2024 nchi ilikuwa katika mgao. Februari mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere, kwenye Mto Rufiji, ukaingizwa katika gridi, mmoja kati ya tisa yenye megawati 235 kila mmoja. Machi mvua zikazidi, na TANESCO, shirika la umeme la taifa, ikazima baadhi ya mitambo ya maji kwa kuwa umeme ulipita mahitaji. Katika misimu yote hiyo risiti ya T1 ilihesabu kwa bei moja: 292. Maji ya Rufiji na gesi ya Songosongo vina sauti moja ndani yake. Wakenya wamechagua umbo tofauti. Uchambuzi wa bili yao ya stima una mstari wa gharama ya mafuta, wa mabadiliko ya fedha za kigeni, wa mfumuko wa bei, hata wa tozo ya maji, na viwango vya mafuta na fedha za kigeni hutangazwa kila mwezi. Anayeifuatilia huona ukame unapowasha mitambo ya dizeli, na shilingi ilipoporomoka dhidi ya dola mwaka 2023 aliliona hilo kwenye umeme wake. Ile ya Kenya ni historia ya nchi iliyoandikwa kwa bei. Ya Tanzania inamkinga msomaji na misukosuko, na kwa kumkinga inamnyima habari. Naipenda zaidi ya Kenya kwa kuisoma. Kwa kuilipa, ningechagua ya Tanzania.

Ukimya wa pili ni mzito zaidi. Kanuni yenye nguvu kubwa ya kubana matumizi nyumbani ni ile ya kundi la D1, la wateja wa matumizi madogo: uniti 75 za mwezi kwa shilingi 100 kila moja kabla ya kodi na tozo, na kila inayozidi kwa 350. Msomaji-mlipaji ameigundua mwenyewe. Ndiyo maana wateja wa D1 hununua umeme wa shilingi 9,150, kiasi kinacholeta uniti 75 kamili, wala si 9,000 wala 10,000. Wamejifunza kuandika pembejeo inayofaa ili matini izae wanachotaka. Lakini 75 yenyewe haimo katika risiti. Anayenunua kidogo kidogo, elfu moja leo na elfu mbili keshokutwa, haambiwi amefika wapi, na ni huyu hasa, mwenye kipato cha siku kwa siku, aliyekusudiwa na bei hiyo. Atajua amevuka pale uniti zitakapopungua ghafla, na wakati huo adhabu imekwisha kutolewa.

Tozo na kodi zote zimepewa mistari yao, na mnunuzi anazisoma kila mara. Sera ya matumizi bora haina hata mmoja. TANESCO na EWURA waongeze huo: uniti zilizonunuliwa mwezi huu, na zilizobaki kufikia 75.